Ukocha msaidizi wa wavu chuoni una maisha?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu hapa Mwanza. Nilikuwa seta, yaani yule anayewapangia washambuliaji mipira, kwenye timu ya chuo mpaka goti liliponisumbua, ndipo kocha mkuu akaniomba nibaki naye kama msaidizi wa timu ya wasichana. Kazi hii naipenda sana. Tatizo ni baba, anasema nimegeuka mbeba mipira, na hajawahi kuona mtu aliyejenga nyumba kwa mpira wa wavu. Halafu kwenye mechi kocha hanipi nafasi ya kusema lolote, nakaa tu. Sasa kuna shule ya sekondari huku Igoma wananitaka nikawe kocha wao. Je, ukocha msaidizi ni kazi kweli au napoteza muda? Na hii shule niende? Msomaji, Buhongwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo, nami nitaanza na baba yako, kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi.

Mzazi anayelipa ada akimwona binti yake anarudi jioni na mfuko wa mipira begani, ana haki ya kuuliza mwisho wake ni nini. Vyuo vyetu havina kawaida ya kutangaza nafasi ya kocha msaidizi wa wavu yenye mshahara wa mwezi. Utakachokikuta mara nyingi ni ofisa michezo mmoja, aliye chini ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, amebebeshwa soka, netiboli, kikapu, wavu na riadha. Makocha wa kila mchezo wanatoka kwa wahadhiri, wafanyakazi, wanafunzi wa zamani na watu wa mtaani wenye moyo. Msaidizi anapata posho timu ikisafiri, na msimu ukiwa mzuri anapata tracksuit. Ukikaa unasubiri cheo hicho kilipe kodi ya nyumba, utachoka kabla hakijafika. Nalisema hili mapema ili tuzungumze mengine bila kudanganyana.

Lakini baba anapochanganya kazi na mshahara wake, hapo simuungi mkono. Ukocha msaidizi wa wavu ni ufundi kamili, una mambo yake ya kujifunza kwa miaka, na kuna nchi zinazoulipa kama kazi nyingine yoyote. Marekani wavu wa wasichana vyuoni unajaza viwanja. Tarehe 30 Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Nebraska kilicheza mechi ya wavu ndani ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani mjini Lincoln, mbele ya watazamaji 92,003. Timu za namna hiyo zina wasaidizi wenye mikataba. Na hata huko mambo hayakuanza hivyo. Mpaka 2023, vyuo vya daraja la kwanza vilikuwa na nafasi ya kocha wa kujitolea asiyelipwa na chuo, mtu anayefanya unachofanya wewe leo. Julai mwaka huo kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikabadilishwa na watu hao wakaruhusiwa kulipwa.

Mwangalie Dani Busboom Kelly. Alitwaa ubingwa wa vyuo akiwa mchezaji wa Nebraska mwaka 2006. Akarudi pale kama kocha msaidizi, na 2015 timu ilipotwaa tena ubingwa alikuwa kwenye benchi la ufundi. Mwaka 2017 akakabidhiwa timu ya Louisville, akaifikisha fainali ya taifa 2022 na 2024, kisha 2025 akaitwa Nebraska awe kocha mkuu. Au Karch Kiraly, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea katika mchezo huu. Alikuwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki alizozipata akicheza, na bado alikaa miaka mitatu kama msaidizi wa Hugh McCutcheon kwenye timu ya wanawake ya Marekani, kuanzia 2009 hadi Olimpiki ya London 2012. Baada ya hapo ndipo akapewa timu, akaipa dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo. Mtu wa kiwango kile hakuona aibu kukaa kiti cha pili.

Sikwambii ujiandae kwenda Nebraska. Tazama jirani. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walikwenda Olimpiki ya Tokyo wakiwa na Mbrazili Luizomar de Moura, na Paris 2024 wakaenda na Mkenya mwenzao, Japheth Munala. Nyuma ya timu ile kuna klabu za Kenya Prisons, Pipeline na KCB, yaani magereza, shirika la mafuta na benki. Kwetu pia timu nyingi zenye nguvu ni za majeshi. Katika ukanda huu wavu umeishi kwa kushikana na ajira iliyo jirani yake. Anayefundisha anakula kwa ualimu, kwa uofisa michezo, kwa sare ya jeshi au kwa kazi ya ofisini, na ukocha unampa nafasi ambayo asingeipata bila huo. Ukilielewa hili vizuri, swali la kuacha masomo ili ufundishe, au kuacha kufundisha ili usome, halipo tena. Wewe unasoma ualimu. Huo ndio mlango wako, na uko wazi tayari.

Sasa hili la kukaa kimya kwenye mechi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona unadhani kocha wako anakudharau.

Kanuni rasmi za mchezo zinairuhusu timu kuwa na wasaidizi wasiozidi wawili, na zinasema msaidizi anakaa benchi bila haki ya kuingilia mchezo. Taimu auti na mabadiliko ya wachezaji vinaombwa na kocha mkuu, au nahodha wa uwanjani kocha asipokuwepo. Ukisimama ukaanza kupiga kelele pembeni, refa ana haki ya kuionya timu yako. Kocha wako anafuata kanuni. Lakini kanuni hiyohiyo inasema kocha mkuu akilazimika kuondoka, iwe kwa kuugua au kwa kuadhibiwa, msaidizi anaweza kuchukua majukumu yake, nahodha wa uwanjani akishalithibitisha hilo kwa refa. Kwa hiyo wewe unayekaa kimya ndiye unayetakiwa kuwa tayari kuliko wote. Kila dakika uwe unajua kikosi kilichoandikwa kwenye fomu ya mzunguko, yaani nani anaanza nafasi ipi, mabadiliko mangapi kati ya sita yameshatumika katika seti hiyo, na kama taimu auti zenu mbili bado zipo. Siku moja kocha ataanguka malaria asubuhi ya mechi, na timu nzima itageuza shingo kukutazama wewe.

Ukimya huo una kazi yake, na kazi yenyewe iko kwenye daftari. Nakumbuka mechi moja ya vyuo kule Malimbe, seti ya pili ikiwa ngumu. Msaidizi wa timu moja alikuwa binti wa umri wako. Juu ya goti ameweka daftari la kawaida la mistari, kwenye ukurasa amechora nusu ya uwanja na kuigawa visanduku sita. Kila timu pinzani ilipopokea, aliweka alama ya mahali pasi ilipofikia, kisha mshale kuonyesha seta wao amepeleka wapi. Seti ilipoisha, katika zile dakika tatu za kupumzika, alimsogelea kocha mkuu akamwambia maneno machache: pasi ikitoka mbali na wavu, seta wao hapeleki kulia kabisa, zote zinakwenda nafasi ya 4, yaani mbele kushoto. Akaonyesha ukurasa, akarudi kukaa. Seti iliyofuata, pasi ya wapinzani ilipoharibika tu, mchezaji wa kati wa timu yake alikuwa ameshaanza kukimbilia upande ule, na bloku, ile mikono ya kuzuia juu ya wavu, ikafika kabla ya mshambuliaji hajaruka. Kocha mkuu asingeweza kuliona lile, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa wachezaji wake sita, kwa refa, na kwa msichana mmoja aliyekuwa ameanza kulia baada ya kukosa sevu mbili, yaani mipira ya kuanzishia.

Ndiyo maana nasema ulizaliwa na bahati ya kuwa seta. Seta ameshazoea kusoma watu. Sasa usome kwa kalamu.

Anza na upokeaji wa sevu. Timu za vyuo vyetu zinashindwa hapo mara nyingi kuliko kwenye smashi, na watu wanalalamikia smashi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mpe kila mpokeaji alama kwa kila sevu. Pasi inayomfikia seta mahali pake, akaweza kumpa mshambuliaji yeyote, ni 3. Inayomlazimisha kusogea lakini bado ana chaguo mbili, ni 2. Inayoishia kurushwa juu tu ili mpira usife, ni 1. Ikipotea moja kwa moja, 0. Tuseme msichana amepokea sevu 10: nne za alama 3, tatu za alama 2, mbili za alama 1 na moja ya sifuri. Hizo ni alama 20, wastani wake 2. Fanya hivyo mechi baada ya mechi, utashangaa. Yule ambaye timu nzima inamsifu kwa kujitupa chini atakuwa na wastani mdogo, na yule mkimya wa nyuma kushoto, ambaye hakuna aliyewahi kumpigia makofi, ndiye anayewafanya mcheze. Mpelekee kocha mkuu namba hizo siku ya mazoezi, umekaa naye wawili. Usizitoe mbele ya wachezaji bila ruhusa yake, maana namba ikisomwa hadharani na mtu asiye na mamlaka inageuka fimbo.

Jambo la pili la kuandika hapa kwetu ni upepo. Vitabu vya ukocha vingi vimeandikwa kwa watu wanaocheza ndani ya kumbi. Sisi viwanja vyetu vingi viko nje, saruji au udongo, na mazoezi yanaanza saa kumi jioni vipindi vikiisha, wakati upepo wa ziwa bado unavuma kuja nchi kavu. Anayesevu upepo ukiwa mgongoni, mpira unapitiliza nje hata kama amepiga vizuri. Anayesevu akiukabili upepo anaweza kupiga kwa nguvu zaidi, na ile sevu isiyozunguka inayumba na kudondoka ghafla mbele ya mpokeaji. Kwa hiyo fika mapema, mwaga vumbi kidogo mkononi uone linaelekea wapi, na mwambie kocha kabla ya kura, kwa sababu nahodha akishinda kura anachagua kusevu, kupokea, au upande wa uwanja. Timu zinabadilishana upande kila seti, na mkifika seti ya tano kura inapigwa upya, halafu mnabadilishana tena timu moja ikifika pointi 8. Seti hiyo inaisha 15, na nimeona timu ikipoteza seti ya tano kwa sababu tu hakuna aliyewakumbusha wachezaji kurusha mpira chini zaidi kabla ya kusevu upande wenye upepo. Kazi ya kukumbusha ni ya msaidizi.

Kwenye mazoezi una sauti kubwa kuliko kwenye mechi, itumie. Kocha mkuu anahitaji mtu wa kulisha mipira, na kulisha si kurusha ovyo. Panda juu ya benchi imara upande wa pili wa wavu, piga mpira uleule, urefu uleule, nafasi ileile, mara nyingi mfululizo, mpaka mpokeaji ajue makosa ni yake wala si ya mpira. Halihitaji kuruka, kwa hiyo goti lako halikuzuii. Na hilo goti umelipima? Umeandika kwamba lilikusumbua, basi, hujasema daktari alisema nini. Hospitali ya Bugando wana madaktari wa mifupa, nenda. Kocha anayefundisha wasichana kutunza miili yao huku yeye anachechemea bila kujua kwa nini, hawezi kuaminika.

Maana magoti ndiyo yatakayowamaliza hao wachezaji wako. Saruji hairudishi kitu. Msichana anayeruka jioni nzima kwenye saruji, siku nne kwa wiki, akiwa na raba zilizoisha soli, ataumia, ni suala la muda tu. Mshauri kocha siku za kuruka ziwe mbili kwa wiki, siku nyingine mfanye upokeaji, sevu na mzunguko. Fundisha kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na hayaangaliani. Kifundo cha mguu kikiteguka, mchezaji atoke, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mguu uinuliwe, na asirudi uwanjani siku hiyo hata akilia. Barafu Mwanza haiwezi kuwa kisingizio, wauza samaki wanayo kila kona. Wavu ukichanika nao usiutupe, mafundi nyavu wa mwaloni wanaweza kukushonea macho ya sentimita 10 kwa 10 yanayotakiwa, ukiwapa kipimo.

Na mkienda kufanya mazoezi ya mchangani ufukweni, jambo ambalo ni zuri sana kwa miguu, usiruhusu mtu kunawa wala kuogelea ziwani baada ya hapo. Kichocho kipo kwenye mwambao huu. Bebeni maji yenu.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao hakuna kozi inayoufundisha vizuri, nao ni kukaa katikati. Wachezaji watakuja kwako kwa sababu uko karibu nao kwa umri. Mmoja atakwambia kocha ana upendeleo, kwamba yeye anajituma kila siku lakini hapangwi. Utashawishika kumwambia hata mimi naona hivyo. Usiseme. Ukishasema, umeipasua timu, na kesho maneno yako yatamfikia kocha yakiwa yameongezewa chumvi. Msikilize mpaka amalize, mwulize anadhani anapungukiwa nini, fungua daftari mwangalie namba zake pamoja, mpangie kazi ya wiki mbili, kisha mwambie aende mwenyewe kumwuliza kocha. Wewe ukiona kocha kakosea kweli, mwambie mkiwa wawili, baada ya mechi, siku ya pili ikiwezekana. Mbele ya watu simama naye. Kocha mkuu anayejua kwamba mgongo wake uko salama ndiye atakayeanza kukuuliza unaonaje kabla ya kupanga kikosi, na hiyo ndiyo nafasi ya kusema unayoitafuta.

Lakini yapo mambo ambayo utii hauyahusu. Wewe ni mwanamke kwenye timu ya wasichana, na wakati mwingine utakuwa mwanamke pekee kwenye benchi la ufundi. Mchezaji akikwambia kuna kiongozi au mwanaume yeyote anamtumia ujumbe wa usiku, anamwita chumbani, anamwahidi namba kwenye kikosi, hilo usilipeleke kwenye daftari wala usilitunze siri ili timu isichafuke. Lipeleke kwa mlezi wa wanafunzi siku hiyohiyo, pamoja naye akikubali. Mkisafiri, lala jengo moja na wasichana. Ujue nani anatumia dawa gani, nani anaumwa sana siku zake na hawezi kufanya mazoezi ya kuruka, nani hajala. Mzazi wa Sengerema au Magu anayemruhusu bintiye asafiri na timu anaruhusu kwa sababu amesikia kuna dada mtu mzima anayewaangalia. Thamani ya jambo hilo kwa chuo ni kubwa kuliko wanavyoisema, na ofisa michezo mwenye akili analijua.

Turudi kwenye riziki. Nakushauri hivi. Maliza ualimu wako kwa alama nzuri, hilo halina mjadala. Mwalimu anayeweza kufundisha michezo kwa kujua anatafutwa na wakuu wa shule, za serikali na za binafsi, kwa sababu mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yanakuja kila mwaka na shule nyingi hazina mtu wa wavu. Sambamba na masomo, jitambulishe kwa chama cha wavu cha mkoa. Kozi za ukocha za shirikisho la dunia, FIVB, zina ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mtu anazifikia kwa kupitia chama cha taifa, hawakupokei ukienda kivyako. Jina lako lisipojulikana mkoani, kozi itakuja na kupita. Fanya pia kozi ya urefa. Utazijua kanuni kwa kina, na marefa wa wavu ni wachache, kwa hiyo kwenye mabonanza na mashindano ya mashirika utaitwa na utalipwa posho yako.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, una bahati ya kukaa mkoa wenye Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinachotoa mafunzo ya ukocha na uongozi wa michezo. Watu wanatoka mikoa ya mbali kwenda Malya, wewe ni safari ya asubuhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu kwa michezo na sayansi ya michezo. Cheti cha namna hiyo juu ya ualimu ndicho kinachokufungulia uofisa michezo wa chuo au wa halmashauri, nafasi ambazo serikali inazitangaza kupitia Sekretarieti ya Ajira, zikiwa na mshahara, bima na pensheni. Mweleze baba hivyo, kwa utaratibu huohuo: kwanza ualimu, kisha cheti cha ukocha, kisha uofisa michezo. Mwonyeshe matokeo yako ya mwaka wa kwanza kabla hujamwonyesha picha za timu. Na mwalike siku moja aje kuangalia mechi, akae upande wenu, aone unachokiandika. Wazazi wengi wanaoupinga mchezo huu hawajawahi kuona seti moja mpaka mwisho.

Kuhusu shule ya Igoma: nenda, lakini usiache chuo. Kwenye benchi la chuo unajifunza kuona, kule Igoma utajifunza kuamua, na hivi viwili havifundishwi mahali pamoja. Utagundua kwamba kuomba taimu auti wakati sahihi ni kugumu kuliko ulivyokuwa unadhani ulipokuwa unamlaumu kocha wako moyoni. Kabla hujawajibu shule, mwambie kocha mkuu. Asisikie kwa wachezaji. Mwombe siku mbili kwa wiki ambazo haziingiliani na mazoezi ya chuo, na umweleze kwamba wasichana wako wa Igoma wakikua, baadhi yao ndio watakaokuja kuichezea timu yake.

Shule nayo usiiendee kwa maneno ya mdomo. Omba barua ya mkuu wa shule inayosema unafundisha siku gani, nauli yako inalipwa na nani, na mwalimu gani wa kike atakuwepo kila mazoezi. Kusafiri na wanafunzi bila mwalimu wa shule na bila ruhusa ya wazazi kwa maandishi, kataa, hata kama ni bonanza la siku moja Nyamagana. Mwezi wa kwanza usifundishe smashi kabisa. Wavu wa wanawake ni mita 2.24, kwa wanaoanza ushushe mpaka waweze kupitisha mpira bila hofu, kisha sevu ya chini na upokeaji, kila mmoja aguse mpira mara nyingi kadiri inavyowezekana. Watakulalamikia kwamba wanataka kupiga kama wanavyoona kwenye simu. Wavumilie, wape mechi ndogo za watatu kwa watatu kwenye nusu ya uwanja mwisho wa kila mazoezi, watafurahi na watakuwa wanajifunza bila kujua.

Barua ikishatoka niandikie tena, nitakutumia ukurasa wa mfano wa daftari la upokeaji uutoe kopi kwa timu zote mbili. Na majibu ya goti, usiyasahau.